Kiingereza cha Uchumi na Mfuko wa Mfanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kiuu, Ruiru)



Wengine wenu mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, na wengine mmelipa nauli ya matatu kutoka Thika. Kwa hiyo hatutawapotezea saa. Kamati ilituomba tuseme juu ya jambo ambalo kwanza laweza kuonekana kuwa kazi ya walimu wa shule, wala si kazi ya chama. Nalo ni maneno ya Kiingereza yanayotumiwa kusema habari za uchumi, katika redio, katika magazeti, na hasa katika barua tunazopewa ofisini. Tutaonyesha kwamba ni kazi ya chama, maana maneno hayo yamekwisha kutoa pesa mifukoni mwetu.

Tuanze na jambo lililotupata. Mwenzetu mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda cha upande huu, aliitwa ofisini siku ya Ijumaa. Alikuwa ametumika miaka 11. Akakuta barua mezani, kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Akaambiwa, "Soko limebadilika, kampuni inajipanga upya, basi wewe na kampuni mnaachana kwa mapatano. Tia sahihi hapa." Akatia sahihi. Akapewa mshahara wa mwezi mmoja, na mkono akapewa pia. Jumatatu alituletea ile barua. Tuliisoma polepole, mara mbili, tukaona kwamba neno la sheria, lile tuliitalo ridandansi, yaani kuachishwa kazi kwa sababu kazi yenyewe imepunguzwa, halikuandikwa mahali po pote. Na kwa kuwa neno halikuandikwa, malipo yake nayo hayakuandikwa.

Malipo hayo ni nini? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba mtu akiachishwa kwa njia hiyo atalipwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Miaka 11 mara siku 15 ni siku 165. Mtu anayepata shilingi 800 kwa siku, hesabu yake ni shilingi 132,000. Tena apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na likizo zote anazodai zilipwe kwa fedha taslimu. Tena chama na afisa wa kazi waarifiwe mwezi mzima kabla, na waambiwe sababu na idadi ya watu. Hayo yote yalifunikwa na maneno mawili matatu: "kuachana kwa mapatano". Ndugu, hata mke na mume wakiachana, wazee huitwa, na mahari huulizwa. Huyu hakuitiwa mtu.

Sasa tuliangalie neno la kwanza aliloambiwa: soko limebadilika. Sisi sote twajua soko. Soko la Githurai ni hapa tu. Pale kuna mama anayeuza sukuma wiki, kuna kijana anayebeba gunia la viazi, kuna mwenye lori, na kuna mtu wa kaunti anayekuja kutoza ushuru. Bei ikipanda pale, twaweza kumwuliza mama, naye atatuambia: mwenye lori ameongeza, au mvua imekosa, au mimi mwenyewe nimeongeza kwa sababu ya karo. Soko la Githurai lina watu, na watu hao wana vinywa. Lakini soko la Kiingereza halina mtu. Husemwa kwamba soko limeamua, soko limeogopa, soko halikufurahi, kana kwamba ni mzee mmoja mkubwa aketiye mahali pasipofikika. Na mzee huyo hawezi kuitwa katika baraza akajibu.

Maneno mengine hutoka katika habari za mvua na ugonjwa. Kwa Kiingereza uchumi hupatwa na dhoruba, hupoa, hupata joto kupita kiasi, huugua, hupona, tena huagiziwa dawa chungu. Mvua haina mwenyewe wa kushtakiwa, na mgonjwa hapaswi kubishana na daktari. Hiyo ndiyo hila ya maneno haya. Yakizoeleka masikioni, mtu hukubali kupunguziwa mshahara kama anavyokubali masika.

Tuseme kweli yote, maana chama hakijengwi kwa kusifiana. Kosa hili si la Kiingereza peke yake. Sisi nasi twasema, "Maisha yamepanda." Yamepandishwa na nani? Twasema, "Kazi zimeisha." Zimemalizwa na nani? Hata Kiswahili chetu chaweza kumficha mtu nyuma ya neno. Lakini lugha yetu ina dawa yake ndani, nayo ni herufi chache tu. Kupanda ni jambo moja, kupandisha ni jambo lingine. Kufunga, kufungwa, kujifunga: hayo ni mambo matatu. Mtu akisema, "Mikanda itabidi ifungwe," muulize: wewe unajifunga wako, au unanifunga mimi wangu?

Wazee walioishi Thika miaka ya 1990 wanakumbuka neno lingine. Viwanda vya nguo vilikuwa na kazi nyingi katika nchi hii, na Thika ilikuwa mji mmojawapo wa kazi hiyo. Kisha kukaja maneno ya kufungua soko na marekebisho ya uchumi. Vizuizi vya bidhaa za nje viliondolewa, mitumba ikaingia kwa wingi, viwanda vikafungwa au vikapunguza watu. Watu wakarudi nyumbani wakiambiwa kwamba marekebisho yamewapita. Lakini marekebisho hayakuwa upepo. Yalikuwa masharti ya mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, na serikali yetu iliyakubali kwa sahihi. Kulikuwa na meza, na watu, na kalamu. Huenda wengine walioikalia meza ile waliona hakuna njia nyingine. Jambo hilo laweza kubishaniwa. Lakini haliwezi kubishaniwa kama halikutajwa kuwa ni uamuzi wa watu.

Tuje katika mfumuko wa bei, maana hapa wengi hudanganyika. Mwezi wa Oktoba 2022 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilitangaza kwamba mfumuko wa bei umefika asilimia 9.6 kwa mwaka. Oktoba 2023 ukawa 6.9. Oktoba 2024 ukawa 2.7. Redio zikasema, "Mfumuko umeshuka," na watu wengi wakaenda dukani wakitazamia unga umeshuka. Haukushuka. Wakasema serikali imesema uongo. La, ndugu, haikusema uongo. Tatizo ni kwamba neno halikufafanuliwa. Mfumuko ukishuka, bei haishuki. Bei inaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole. Ni kama matatu iliyokuwa ikienda Nairobi mbio, sasa inakwenda taratibu: bado inakwenda Nairobi, haijarudi Thika.

Tufanye hesabu kwa shilingi. Kapu la vitu lililonunuliwa kwa shilingi 1,000 Oktoba 2021, mwaka uliofuata lilikuwa shilingi 1,096. Oktoba 2023 likawa kama 1,172. Oktoba 2024 likawa kama 1,203. Sasa tazama mshahara. Kima cha chini kilikuwa hakijaguswa tangu 2018. Mei 2022 kikaongezwa asilimia 12, na Novemba 2024 kikaongezwa asilimia 6. Shilingi 1,000 ya mshahara ikawa 1,120, kisha 1,187. Mwaka 2024 kapu lilikuwa 1,203, mshahara ulikuwa 1,187. Na hapo hatukuhesabu bei zilizopanda kati ya 2018 na 2021, wakati mshahara ulikuwa umesimama. Basi ile iliyoitwa nyongeza haikufikia hata kurudisha kilicholiwa. Tajiri akituambia katika mazungumzo, "Mfumuko umeshuka, hamna haja ya nyongeza," tumjibu kwa karatasi hii ya hesabu, kwa upole, wala si kwa kelele.

Neno la pili ni kukua. Mwaka 2023 uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 5, na hilo lilitangazwa kwa furaha. Katika kitabu kile kile cha takwimu cha serikali iliandikwa kwamba wastani wa mshahara wa mfanya kazi, ukiondoa kupanda kwa bei, ulishuka mwaka ule. Mambo hayo mawili ni kweli yote mawili. Sufuria ya ugali imekuwa kubwa, na tonge la anayesonga limekuwa dogo. Kiingereza chasema sufuria imekua, kikanyamaza. Sisi hatuna ugomvi na sufuria kubwa, twaitaka. Twauliza tu ni nani ameshika mwiko wa kugawa.

Neno la tatu ni gharama. Katika vitabu vya tajiri, mshahara wetu huitwa gharama ya kazi, na gharama ni kitu ambacho kila mtu mwenye akili hujaribu kukipunguza. Malipo makubwa ya wakubwa huitwa motisha, na motisha ni kitu cha kuongezwa ili mtu afanye vizuri. Ajabu ni hii: mkubwa hufanya kazi vizuri akiongezwa, na sisi twaambiwa tutafanya vizuri tukipunguzwa.

Jambo hili la kuhesabu mshahara kwa maneno si jipya. Zamani za ukoloni, kima cha chini cha mshahara mjini kilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, bila mke wala mtoto. Ilidhaniwa kwamba mke yuko shambani analima, na watoto wanakula huko. Karatasi ziliandika mahitaji ya Mwafrika, na aliyesoma haraka hakuona kwamba familia imeachwa nje. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, aliyekuwa Kamishna wa Kazi, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Ikashauri mshahara uhesabiwe kwa familia, na ufikishwe huko hatua kwa hatua. Lakini kabla kamati ile haijakaa, wafanya kazi walikuwa wamekwisha kuuliza swali hilo kwa migomo. Mwaka 1937 chama cha Makhan Singh kiligoma Nairobi kwa muda wa miezi miwili, na wakapata nyongeza. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma. Swali lao lilikuwa jepesi: mshahara huu ni wa kumlisha nani?

Neno la nne latugusa sana hapa Ruiru na Thika, nalo ni kibarua. Neno lenyewe latoka katika barua, barua ndogo: kile cheti alichopewa mtu wa kutwa ili aonyeshe kwamba amefanya kazi, alipwe. Basi kibarua kilikuwa ushahidi wa mtu kwamba anadai. Kwa Kiingereza huyu mtu aitwa kajuali, neno ambalo lina maana pia ya jambo la kubahatisha, lisilo na uzito, kama nguo za kuvaa Jumapili jioni. Hivyo ndivyo mtu hukaa mlangoni pa kiwanda miaka sita, kila asubuhi akihesabiwa mgeni. Lakini sheria haikubali. Kifungu cha 37 chasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, atahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na notisi yake iwe ya mtu wa mwezi. Wenzetu wengi hawajui, kwa sababu kitambulisho chao cha mlangoni bado kimeandikwa lile neno la kubahatisha.

Na la tano ni mchango. Katika karatasi ya mshahara Kiingereza husema mchango. Sisi twajua mchango: ni wa harusi, au wa matanga, au wa mtoto aendaye shule, nawe hutoa kwa moyo wako, na jina lako husomwa. Lakini chini ya sheria ya nyumba ya mwaka 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wote hukatwa, na tajiri naye hulipa 1.5 yake. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya hukata asilimia 2.75, na hapo tajiri halipi pamoja nawe. Mtu wa shilingi 20,000 hukatwa 300 za nyumba na 550 za afya, jumla 850, kabla ya makato mengine. Hatusemi kwamba nyumba na hospitali ni vitu vibaya. Twasema kinachokatwa kwa sheria kiitwe makato, ili mwenye kukatwa ajue ana haki ya kudai hesabu. Mwenye kuchanga hushukuriwa, basi. Mwenye kukatwa huuliza.

Sasa, tufanye nini? Wengine watasema, "Tukikatae Kiingereza." Sisi hatusemi hivyo. Kiingereza ni lugha ya sheria hizo hizo tulizozitaja, na ni lugha ya hukumu za Mahakama ya Kazi. Watoto wetu na wakisome sana. Tunachokataa ni kufungiwa nje ya mlango kwa ufunguo wa neno. Kwa hiyo kamati yaomba mambo haya manne yashikwe na kila tawi.

La kwanza. Mtu asitie sahihi barua asiyoielewa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kazi chasema kwamba ikiwa mfanya kazi hawezi kusoma lugha ya mkataba wake, tajiri lazima aufanye uelezwe kwa lugha anayoielewa. Na Katiba ya 2010 imefanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Barua ya kuachana nayo tuiombee maelezo hayo hayo. Sema hivi, kwa heshima: "Bwana, naomba nielezwe kwa Kiswahili, na naomba mjumbe wangu wa chama awepo." Sentensi hiyo haijamfukuzisha mtu kazi kwa haki, na kama itamfukuzisha, hiyo ni kesi ambayo chama kitaichukua.

La pili. Kila neno la uchumi liulizwe maswali matatu: nani amefanya, nani atalipa, na ni shilingi ngapi? "Kujipanga upya" maana yake ni watu wangapi wataondoka? "Soko limebadilika" maana yake ni mnunuzi gani ameondoka, na lini?

La tatu. Tudai hesabu. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamtaka tajiri anayezungumza na chama kilichotambuliwa atoe habari zote zinazohitajika ili chama kiweze kujadiliana sawasawa. Akisema gharama zimepanda, na alete karatasi. Tena kila mfanya kazi adai karatasi ya mshahara yenye kuonyesha kila kinachokatwa, na aiweke.

La nne. Kila tawi liwe na daftari la maneno. Mtu akipata neno jipya la Kiingereza katika barua au tangazo, aliandike, na katika mkutano tulitafsiri pamoja, kwa Kiswahili ambacho mama wa Githurai atakielewa. Neno tukishindwa kulitafsiri, basi hatujalielewa bado, na mtu asilitilie sahihi.

Mtatuuliza, yule fundi wetu amefika wapi? Hatuwezi kuwaambia kwamba ameshinda. Ile sahihi ni yake, na tajiri anaishikilia. Chama kimeandika barua kudai kifungu cha 40, kimempelekea nakala afisa wa kazi, na jambo liko mbele. Huenda akalipwa yote, huenda akalipwa nusu, huenda asilipwe. Yeye yuko hapa nyuma, amekuja mwenyewe kusikiliza, na ndiye aliyetuomba tuwasomee ninyi hotuba hii, ili Ijumaa nyingine akiitwa mtu mwingine, asiende peke yake.

Daftari la kwanza liko mezani kwa mwandishi. Neno la kwanza limekwisha kuandikwa, nalo ni "kuachana kwa mapatano". Tafsiri yake tumeiacha wazi, tuijaze leo pamoja kabla hatujatawanyika.

Umoja ni nguvu.